Hewa ya AC inaishia darini: namna ya kuziba dakti zinazovuja

Kama nyumba yako ina ile AC ya nyumba nzima, yaani mashine moja inasukuma hewa kwenye dakti (mabomba ya hewa) zilizopita juu ya dari au chini ya sakafu halafu hewa inatokea kwenye grili za kila chumba, na kuna chumba kimoja hakipoi hata ufanyeje wakati sebuleni watu wanajifunika shuka, basi kabla hujamwita fundi akakuuzia mashine kubwa zaidi hebu panda kwanza juu ya dari na tochi. Mimi nilikaa na tatizo hilo misimu miwili mizima. Nikabadilisha filta, nikaambiwa gesi imepungua nikaongeza, nikafunga grili za vyumba ambavyo hakuna anayelala ili hewa yote ikimbilie kule, bili ya umeme ikawa inapanda tu. Siku niliyopanda juu nikakuta dakti ya kile chumba imechomoka kabisa kwenye shingo yake (kile kipande cha bati inapochomekwa) imelala pembeni kama soksi, inapuliza hewa ya baridi kwenye utando wa buibui. Kumbe muda wote huo nalipia kuwapoza panya.

Sasa kuchomoka kabisa sio kila mtu yatamkuta, ila kuvuja ni karibu kila nyumba yenye dakti. Mpango wa serikali ya Marekani wa ENERGY STAR unasema kwenye nyumba ya kawaida asilimia 20 mpaka 30 ya hewa inayopita kwenye dakti inapotelea njiani kwa sababu ya matundu na maungio mabovu. Ni sawa na kubeba ndoo kumi za maji ukafika nyumbani na saba au nane.

Kabla hujashika brashi elewa kitu kimoja maana ndo kitakuonyesha uanzie wapi. Dakti ziko pande mbili. Kuna upande wa kupeleka, unaotoa hewa iliyopozwa (au iliyopashwa moto, kwa wenye baridi) kwenda vyumbani, na kuna upande wa kurudisha, unaovuta hewa ya ndani kuirudisha kwenye mashine. Wengi wakisikia dakti inavuja wanafikiria upande wa kupeleka tu kwa sababu huo ndo unaopuliza na mkono unausikia. Lakini tundu upande wa kurudisha ni baya vilevile na mara nyingine ni baya zaidi, maana lenyewe linanyonya. Mchana wa jua kali joto la juu ya dari linaweza kupita nyuzi 50, sasa mashine badala ya kupewa hewa ya sebuleni yenye nyuzi 26 inachanganyiwa na hiyo ya darini pamoja na vumbi, harufu na nyuzinyuzi za sufi (ile kama pamba ya kuzuia joto), halafu unashangaa mbona vumbi haliishi humu ndani na kila siku unafuta. Na upande wa kupeleka ukivuja sana nyumba inabaki na upungufu wa hewa, kwa hiyo ile ya nje yenye joto inajipenyeza chini ya milango na kwenye nyufa za madirisha ili kujaza pengo. Unaumia mara mbili.

Na lile swala la kufunga grili za vyumba visivyotumika, achana nalo. Nilifanya hivyo na nikajiona mjanja. Feni inaendelea kusukuma vilevile, ukiziba njia presha ndani ya dakti inapanda na hewa inatoka kwa nguvu zaidi kwenye yaleyale matundu.

Ila kama dakti zako zote zinapita ndani ya sehemu inayopozwa, mfano ndani ya korido kwenye dari ya uongo, hata zikivuja hewa inabaki nyumbani, kwa hiyo usijitese sana. Kazi hii inalipa pale dakti zinapopita sehemu isiyopozwa, yaani juu ya dari, chini ya sakafu au gereji.

Usalama nausema mapema kwa sababu najua watu wanaruka. Panda asubuhi kabla jua halijashika, mchana kule juu utazimia. Kanyaga kwenye mbao tu, usikanyage ubao wa dari, utatokea sebuleni kwa mguu mmoja. Vaa barakoa, glavu na mikono mirefu, sufi ya faibaglasi inawasha siku mbili. Kama nyumba ni ya zamani na ukakuta maungio ya dakti yamezungushiwa kitu cheupe au cha kijivu kinachofanana na karatasi ngumu au boksi, USIKIGUSE, usikikwaruze, hicho kinaweza kuwa na asbesto na asbesto ikipukutika ukaivuta kwenye mapafu hakuna kuitoa, muite mtu wa kupima. Na kama una hita ya maji au tanuru la gesi ndani ya nyumba weka kengele ya kaboni monoksaidi kabisa, kwa sababu ukishaziba dakti mwendo wa hewa ndani ya nyumba unabadilika na moshi uliokuwa unapanda kwenye bomba lake unaweza kurudi chini. Mwenye vifaa vya gesi ni vizuri fundi aje akague bomba la moshi baada ya kazi. Tundu lililowekwa makusudi kuipa hita hewa ya kuwakia usilizibe hata kama unaliona linavuja.

Vitu vya kutafuta: mastiki ya dakti, yaani gundi nzito ya kuzibia iliyotengenezwa kwa maji, ile inayokuja kwenye kopo nzito kama uji mzito wa simenti, wavu wa faibaglasi wa kubandika, tepu ya foili ya alumini yenye maandishi UL 181 (kiwango cha usalama cha Marekani cha dakti), skrubu fupi za bati, tai za plastiki ndefu za kuzunguka dakti, brashi ambayo hutaililia, matambara, kisu, koleo, tochi ya kichwani (sio ya mkononi, utahitaji mikono yote miwili) na vijiti vya udi.

Sasa ile tepu ya kijivu ya kitambaa ambayo kwa Kiingereza jina lake ndo hilohilo la dakti. Usiitumie. Jina limedanganya watu miaka na miaka. Mwaka 1998 watafiti wa maabara ya Lawrence Berkeley kule California walizijaribu tepu na vizibio vya kila aina kwa kuvipitishia joto na baridi kwa zamu, na iliyofeli vibaya ni hiyo ya kitambaa. Gundi yake ni ya mpira, inakauka kwa joto. Ya kwangu ilivyokuwa, niliigusa tu kwa kidole ikatoka yote mzima mzima kama gamba la nyoka, upande wa gundi umebaki unga wa kahawia, na kiungo chenyewe chini yake kiko wazi unaona mpaka ndani. Aliyeibandika alijua kaziba, na kwa macho ilionekana imezibwa, ndo ubaya wake huo. Mimi nasema mastiki kwanza, tepu ya foili pale tu ambapo utahitaji kufungua tena.

Kutafuta matundu. Weka filta mpya, usifunge grili yoyote, milango ya vyumba iwe wazi, halafu washa feni tu bila kupoza, thermostati nyingi zina hiyo sehemu ya kuwasha feni peke yake. Anzia kwenye mashine yenyewe ukienda mbali. Upande wa kupeleka lowesha kiganja upitishe karibu na maungio, hewa utaisikia. Upande wa kurudisha mkono haukusaidii sana, hapo tumia udi, moshi ukifika kwenye tundu unamezwa ghafla kana kwamba kuna mtu anavuta upande wa pili (angalia tu moto wa udi usiguse sufi wala karatasi). Angalia pia rangi, sufi iliyozunguka kiungo ikiwa na madoa meusi ujue hapo hewa imepita miaka, vumbi limechujwa likabaki. Kila unapopata zungushia duara kwa maka peni na uandike namba. Mimi sikuandika mwanzoni nikadhani nitakumbuka, nilivyoshuka kunywa maji nikarudi nikawa natafuta upya.

Ukitaka kipimo cha uhakika kuna mafundi wana feni maalumu, wanaziba grili zote kwa plastiki halafu wanajaza hewa kwenye dakti mpaka presha ya paskali 25 na kusoma ni hewa kiasi gani inapotea. Sio lazima kwa kazi ya mikono yako mwenyewe lakini ukiweza kupima kabla na baada inakata ubishi.

Mpangilio wa kazi sasa. Watu wengi wanaanza na vile vinyufa vidogo vya mwisho kwa sababu ndo viko karibu na ngazi. Fuata presha. Kwanza kilichochomoka au kupasuka kabisa, maana hicho kimoja kinaweza kupoteza kuliko vinyufa vyote vikijumlishwa. Pili lile boksi kubwa la bati linalotokea kwenye mashine, mafundi wanaliita plenamu, hapo presha ndo kubwa kuliko kote na ufa wa upana wa kucha unatoa hewa kama pampu. Tatu upande wote wa kurudisha. Halafu ndo matawi na mwisho grili.

Kurudishia dakti laini iliyochomoka nieleze vizuri kwa sababu hapa ndo kazi mbovu zinafanyika. Dakti laini ina tabaka tatu, kuna mrija wa ndani wa plastiki wenye waya wa kuzunguka, kuna sufi, na kuna ganda la nje la plastiki au foili. Aliyenifungia mimi alivuta zote tatu pamoja akazungusha tai moja kwa nje akaondoka, kwa hiyo alikaza ganda na sufi tu, mrija wa ndani haujashikwa na kitu, ulivyopigwa presha miaka miwili ukateleza ukatoka. Inavyotakiwa: kunja ganda na sufi nyuma kama unavyokunja mkono wa shati, futa shingo ya bati vumbi liishe, paka mastiki kuzunguka shingo, halafu vuta mrija wa ndani peke yake uingie angalau sentimita 5 mpaka upite lile tuta dogo la kwenye shingo. Zungusha tai ya plastiki nyuma ya tuta, kaza kwa koleo, kwa vidole haikazi. Vuta kidogo uone, haitakiwi kutoka. Baada ya hapo ndo unarudisha sufi na ganda mpaka viguse bati na kuweka tai ya pili ya nje. Dakika kumi kwa kiungo kimoja ukishazoea, cha kwanza kitakula nusu saa na matusi.

Ukiwa hapohapo angalia dakti ilivyolala. Ikiwa ndefu kupita safari yake inajikunja na kubonyea na hewa inakwama, kata iliyozidi uinyooshe. Iwe imeshikwa na mkanda mpana kila baada ya mita 1.2 hivi, mkanda mwembamba au waya unaikaba shingo.

Dakti za bati ngumu maungio yake yakae imara kabla ya kupaka chochote, piga skrubu tatu kuzunguka kwenye bomba la duara, maana mastiki inaziba haishikilii uzito. Futa vumbi na mafuta kwa tambara lenye unyevu, acha pakauke. Mastiki usiipake kama rangi. Iwe nene milimita 2 hivi, ikiwa bado unauona mstari wa kiungo chini yake ujue umebania, ongeza. Ipite sentimita 2 au 3 kila upande wa mstari, na kwenye pembe ambazo brashi haiingii tumia kidole chenye glavu uisukumize ndani. Pengo likizidi milimita 6 mastiki peke yake itazama na kupasuka ikikauka, bandika wavu wa faibaglasi kwanza kisha paka juu mpaka vishimo vya wavu visionekane. Tundu la kuingia kidole au zaidi kata kipande cha bati, kipige skrubu, ndo upake pembeni. Usisahau upande wa chini na wa nyuma wa dakti ambao huuoni, weka kioo kidogo au simu piga picha, kwangu upande wa nyuma wa plenamu ndo ulikuwa mbovu kuliko wote kwa sababu hata aliyejenga hakuuona.

Kukauka, soma kopo lako, zinatofautiana. Mimi nilizima mashine jioni nikaiacha mpaka kesho yake, ukiwasha mapema presha inatoboa vitundu kwenye mastiki laini na inabidi urudie.

Mashine yenyewe zima umeme kwenye swichi yake kubwa kabla hujagusa milango yake. Milango ile na mahali filta inapochomekwa ziba kwa tepu ya foili, usipake mastiki kwani kuna siku fundi atahitaji kufungua na atakulaani. Mwanya wa kuchomekea filta mara nyingi unaachwa wazi kabisa bila kifuniko na uko upande wa kunyonya, kwa hiyo kipande cha tepu tu pale kinafanya kazi kubwa ajabu. Tepu ya foili nayo ina adabu yake, bati liwe safi, na ukishabandika isugue kwa nguvu na kitu kigumu mpaka ikae bapa bila mapovu. Bomba la kutolea maji usilizibe.

Upande wa kurudisha wenye nyumba za zamani fungueni grili kubwa ya ukutani au kwenye korido mwangaze ndani. Mara nyingi hakuna dakti yoyote mle, walitumia uwazi wa ukuta kama njia ya hewa, mbao na ubao wa jipsamu tu, na uwazi huo umeunganika na dari na kila kitu. Kwangu nilikuta tundu la kupitisha nyaya limekatwa la kuingia ngumi wakati nyaya zenyewe ni mbili. Kumbe korido inanuka vumbi kila AC ikiwaka ni kwa sababu ya hapo. Kata ubao uweke, ziba kingo kwa mastiki au silikoni.

Grili za vyumbani ni kazi rahisi na hata anayeogopa kupanda darini anaweza kuifanya akiwa kwenye ngazi ndani ya chumba. Toa skrubu mbili, shusha grili, utaona kile kiboksi cha bati kinachoishikilia na pengo kati yake na ubao wa dari. Hilo pengo ndo linavuja. Zungushia mastiki au silikoni, likiwa pana weka wavu, rudisha grili. Mimi nyumba nzima nilimaliza mchana mmoja.

Sufi inakuja mwisho, baada ya mastiki kukauka. Kuna watu wanavisha dakti sufi nene wanadhani wameziba, hewa inapita kwenye sufi kama kawaida, yenyewe inazuia joto tu. Kwa dakti za juu ya dari zinazotumika sana ni za kiwango cha R-6 au R-8, namba ikiwa kubwa inazuia joto zaidi. Ganda la nje lisiwe na mpasuko hata mdogo, hewa yenye unyevu ikigusa bati la baridi inatoa jasho, matone yanashuka darini, unapata doa la njano kwenye dari unalaumu paa bure. Mpasuko wa ganda tepu ya foili inatosha.

Dakti zilizojengewa ndani ya ukuta ambazo hufikii kwa mkono, kuna teknolojia inaitwa Aeroseal, ilianzia kwenye maabara ileile ya Lawrence Berkeley miaka ya 1990. Wanaziba grili zote halafu wanapuliza chembe za gundi ndani, hewa ikikimbilia kwenye nyufa chembe zinanasa kwenye kingo na kujazana mpaka tundu linafunga. Inahitaji mashine na wenye ujuzi nayo, na haiunganishi dakti iliyochomoka, hiyo ni mikono tu.

Ukishamaliza washa, subiri dakika 15, weka kipimajoto kwenye grili iliyo karibu na mashine halafu kwenye ya mbali kabisa uone tofauti. Kwangu ilikuwa nyuzi 6 kwa chumba cha pili toka mwisho, ikashuka ikawa 2, na kile chumba sugu sasa mtoto analalamika baridi. Rudi na udi kwenye zile namba ulizoandika, moja moja. Baada ya mwezi toa filta uitazame, ikiwa haijajaa kama zamani ujue upande wa kurudisha umekaa sawa. Brashi itupe, mastiki ikishakauka kwenye nywele zake haitoki, na kopo lililobaki futa mdomo wake kabla ya kugonga kifuniko vinginevyo mwakani utalifungua kwa patasi.